"Kula umalize": sheria tatu ndani ya sahani moja

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, iwe Ujiji au Kasulu, utamsikia muuguzi akimwambia mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu: usimlazimishe kula. Mama anaitikia. Anarudi nyumbani, mama mkwe ameshapakua ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, mtoto anageuza shingo baada ya matonge manne, na neno linalofuata ni lile alilokulia kila mtu aliyekaa kwenye mkeka huo: "Kula umalize. Chakula hakichaguliwi."

Amsikilize nani? Swali hili linawatesa wazazi wengi mkoani Kigoma, na majibu wanayopewa huwa mawili tu: ama bibi ni wa zamani, ama muuguzi hajui njaa ilivyo. Yote mawili si sahihi. Bibi na muuguzi hawazungumzii kitu kimoja, na fujo yote inaanzia hapo.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili kimeshayatenganisha mambo haya vizuri kuliko tunavyoyatenganisha sisi wakati wa kula. Kushiba ni tumbo kutosheka. Kukinai ni ulimi kuchoka: mtoto amekula maharage siku nne mfululizo, njaa anayo, ila maharage hayataki. Kususa ni hasira. Kagombezwa au kanyimwa kitu, naye anawaadhibu wakubwa kwa kuacha chakula. Kuchagua ni kukataa chakula fulani kwa sababu ya ladha, harufu au jinsi kinavyohisi mdomoni, mara nyingi kabla hata ya kukionja. Na kukosa hamu ni mwili unaoumwa. Kwa macho ya mpakuaji, yote matano yanafanana: mdomo umefungwa, sahani haijaisha. Lakini ukimpa kila mmoja dawa ya "maliza", aliyeshiba atavimbiwa, aliyekinai atakichukia chakula chenyewe, aliyesusa atakuwa amepata uwanja wa kushindania, na mgonjwa atatapika.

Sheria yenyewe nayo imebeba mambo matatu. La kwanza ni kiasi: ule mpaka sahani iishe. La pili ni aina: ule hata usichokipenda. La tatu ni adabu: usitupe, usikidharau chakula cha watu. Sheria hii ilizaliwa katika miaka ambayo chakula kilikuwa hakitoshi, na katika miaka hiyo ilikuwa na mantiki kamili. Tuichambue moja moja.

Kiasi: tumbo lina kipimo chake

Tumbo la mtoto mdogo hubeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 ana nafasi ya mililita 300 hivi, yaani kikombe kimoja cha chai na kidogo juu yake. Ndiyo maana vipimo vinavyofundishwa kliniki ni vidogo kuliko wengi wanavyodhani. Miezi 6 hadi 8, mtoto huanza na vijiko viwili au vitatu na kupanda taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250, mara 2 hadi 3 kwa siku. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe, mara 3 hadi 4. Kuanzia mwaka mmoja hadi miwili, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara 3 hadi 4, pamoja na asusa moja au mbili katikati. Na ziwa la mama juu yake.

Mtumbwi wa Kibirizi, pale mwaloni Kigoma, una mzigo wake. Ukiuzidishia, hausafirishi zaidi, unaingiza maji. Mtoto anayehitaji chakula kingi kwa siku hawezi kukipokea kwa mkupuo mmoja wa mchana; anahitaji safari nyingi zenye mzigo mdogo.

Kuna jambo jingine linalowatia wazazi hofu bila sababu. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha kilo 9 hivi anapotimiza mwaka, maana yake uzito umezidishwa mara tatu. Mwaka wa pili anaongeza kilo 2 na nusu hivi tu. Ukuaji umepungua kasi, na hamu ya kula inapungua nao. Mama anaona mtoto "amegoma kula" wakati huohuo anapoanza kutembea na kusema "sitaki", basi anadhani amedeka. Hajadeka. Kadi ya kliniki ndiyo shahidi: mstari wa uzito ukiendelea kupanda sambamba na mistari iliyochapwa, mtoto anakula kinachomtosha, hata kama sahani inabaki.

Shibe ni ujuzi, na ujuzi huu unaweza kuharibiwa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Leann Birch na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha makundi mawili ya watoto wa shule ya awali. Kundi moja lilifundishwa kusikiliza tumbo: njaa inahisije, shibe inahisije. Kundi la pili lilielekezwa kuangalia vitu vya nje, kama saa ya kula, kilichobaki kwenye sahani na zawadi ya anayemaliza. Baadaye, walipopewa kitu cha kula kabla ya mlo, kundi la kwanza lilipunguza mlo kulingana na nguvu ya kile walichotangulia kula. Kundi la pili halikupunguza. Walikuwa wameacha kuuliza tumbo na kuanza kuuliza sahani.

"Hayo ni ya Marekani, kule wanapigana na unene, sisi tunapigana na udumavu." Hoja hii ni nzito na inastahili jibu la kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini udumavu hautibiwi kwa kumkandamizia mtoto tonge la tano la ugali. Unga wa muhogo una protini chini ya asilimia 3. Dagaa waliokauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Tonge la tano la ugali mtupu linajaza nafasi bila kujenga mwili. Kilichopungua ni kilichomo ndani ya tonge, na idadi ya milo.

Na hapa kuna sheria nyingine ya nyumbani inayoleta madhara makubwa kuliko "maliza", ila haisemwi sana: "Usimalize mboga, kula ugali." Mtoto anafundishwa kumega tonge kubwa, kuligusisha mchuzi, na kuacha kitoweo kiwe cha mwisho. Mtazame mtoto wa miaka mitatu kwenye sinia pamoja na kaka zake wanne. Tonge lake halijapoa, wenzake wameshapeleka mkono mara tatu. Anapofika kwenye kipande cha mgebuka, tumbo limeshajaa muhogo, au kipande kimeshaondoka. Sinia linaonekana limesafishwa, mama anaridhika kwamba watoto wamekula, kumbe mdogo amekula ugali na mchuzi siku nzima.

Marekebisho yake hayana gharama. Mtoto aliye chini ya miaka mitano apewe bakuli lake, hata kama anakaa mkeka mmoja na wenzake, ili mkubwa aone amekula nini. Kitoweo kitangulie: dagaa au maharage yaliyopondwa, vijiko viwili au vitatu vya chakula, ndipo ugali ufuate. Juu yake tia kijiko kimoja cha chai cha mawese mekundu. Kinaongeza kalori 40 hivi bila kuchukua nafasi, pamoja na ile rangi inayogeuka vitamini A mwilini. Mawese yaliyochomwa jikoni mpaka yakawa meupe yamepoteza hiyo rangi, na faida yake imekwenda nayo. Kama ni uji, uwe wa kushika kijiko. Ukitiririka kama chai, mtoto anashiba maji.

Aina: kwa nini anakataa, na lini ana haki

Mtoto huzaliwa akipenda utamu na kuukimbia uchungu. Kati ya miaka miwili na sita hofu ya chakula kigeni hupanda, na ni hofu yenye sababu: huo ndio umri ambao mtoto ameanza kutembea na kuokota vitu mwenyewe. Katika pori, mtoto asiyeogopa tunda lolote hakufika mbali.

Uchungu wakati mwingine ni onyo la kweli. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na kinachoiondoa ni kuloweka siku tatu hadi nne mpaka ulainike, kisha kukausha juani. Njaa ikibana au wateja wakiharakisha, siku za kuloweka hufupishwa. Mwaka 1985, wilayani Tarime, mkoani Mara, watu walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na hauponi, ukihusishwa na muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha. Kwa hiyo mtoto akisema ugali huu mchungu, mwonjeaji wa kwanza awe mkubwa. Ukiwa mchungu kweli, hakuna anayeumaliza, mkubwa wala mdogo. Kisamvu nacho kitwangwe vizuri na kichemshwe muda mrefu bila mfuniko, maana majani yale yana sumu hiyohiyo.

Mara nyingi zaidi, kinachokataliwa si chakula, ni kasoro ya upishi. Chukua dagaa. Dagaa wengi wa ziwa letu huanikwa mchangani, na mchanga huo unafika mpaka sufuriani. Mkubwa amezoea kutafuna kwa upole. Mtoto anasikia kokoto kwenye jino na anafunga mdomo. Anaitwa mchaguzi. Kabla ya kumhukumu, nunua waliokaushwa juu ya chanja kama wapo. Kama hawapo, toa vichwa, mwaga dagaa kwenye maji ya uvuguvugu, koroga kwa mkono, kisha uwanyanyue dagaa na kuacha maji chini. Usiyamwage maji yote pamoja kwenye chujio, kwa sababu mchanga uliotua utawarudia. Rudia mara tatu au nne, mpaka ukipitisha kidole chini ya beseni usisikie punje. Kisha wakaushe kwenye kikaango kikavu na uwasage. Unga wa dagaa kijiko kimoja cha chakula ndani ya maharage hauna macho wala mchanga, na mifupa yake, ambayo ina madini ya chokaa, inaliwa yote.

Migebuka ina kesi nyingine. Mtoto aliyekwamwa na mwiba mara moja anaweza kukataa samaki mwaka mzima. Hapo anachokataa ni maumivu. Mchambulie mbele ya macho yake, kwa vidole, mpaka aone hakuna mwiba. Na mlenda, ambao jirani zetu wa Tabora wanaujua vizuri, unawashinda wengi kwa kuteleza kuliko ladha. Punguza magadi, ongeza nyanya, na hautavutika sana.

Baada ya kusafisha kasoro hizo, bado kutabaki chakula ambacho mtoto hakitaki tu. Hapa ndipo "kula hata usichokipenda" inapogongana na jinsi ulimi unavyojifunza. Ladha huzoeleka kwa kukutana nayo mara nyingi, kidogo kidogo, bila vita. Tafiti za watoto wa umri huu zinataja kati ya mara 8 na 15. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne, wakatangaza kwamba "huyu mchicha hali", na mtoto akiusikia msemo huo anaushika kama jina lake.

Namna ya kufanya ni hii. Weka kiasi cha punje moja ya harage kando ya bakuli, pamoja na chakula anachokipenda, mara mbili kwa wiki. Ukihesabu mara 10, ni wiki tano. Mkubwa ale chakula hichohicho palepale, kwa sababu mtoto hujifunza kwa kutazama kuliko kwa kuambiwa. Mwambie, "Onja, usipokitaka kiteme hapa," na umwonyeshe pa kutemea. Ruhusa ya kutema ndiyo inayofungua mdomo. Mtoto anayejua kwamba kilichoingia lazima kimezwe hathubutu kuonja. Akionja, usimshangilie kama mshindi. Akikataa, ondoa bila maneno, wiki hiyohiyo kije tena. Na usimwonjeshe akiwa ameshiba au amechoka. Mwanzo wa mlo ndio wakati wake.

Kazi hii huanza mapema kuliko tunavyofikiri. Ladha za vyakula vya mama hupita kwenye maji yaliyomzunguka mtoto tumboni na kwenye maziwa ya ziwa. Mwaka 2001 watafiti Marekani walionyesha kwamba watoto wachanga ambao mama zao walikunywa maji ya karoti walipokuwa wajawazito au wakinyonyesha, walipoanza kula waliipokea ladha ya karoti kwa uso mkunjufu zaidi. Mjamzito wa Ujiji anayekula kisamvu na dagaa anamfundisha mtoto chakula cha kwao tangu hapo.

Yanayosemwa sana

"Maliza mboga nikupe soda." Hii inaonekana kufanya kazi leo na inaharibu kesho. Mtoto anajifunza kwamba mboga ni deni na soda ni malipo, na hakuna anayependa deni. Soda au barafu iliyonunuliwa saa moja kabla ya mlo pia ndiyo inayoondoa njaa, kisha lawama inaangukia mchicha. Chai ya rangi pamoja na chakula ni tatizo vilevile, maana inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ipewe nafasi ya saa moja na nusu hivi.

"Mtoto akiachiwa, atachagua vibaya." Daktari Clara Davis, huko Marekani, kuanzia miaka ya 1920 aliwafuatilia watoto 15 waliokuwa wakijichagulia wenyewe vyakula, na walikua vizuri. Siri yake aliieleza mwenyewe: meza yote ilikuwa na vyakula vizuri tu, vya asili, bila sukari. Hapo kuna mgawanyo wa kazi ambao mtaalamu wa lishe Ellyn Satter aliueleza baadaye: mkubwa anaamua kinachopikwa, saa ya kula na mahali, mtoto anaamua ale kiasi gani. Kumbe mtoto hapewi jiko. Hapikiwi chipsi pembeni kwa sababu amekataa maharage, na hapa bibi ana haki kabisa.

"Mtoto akila mayai atakuwa mwizi." Hapana. Yai moja ni kitoweo kamili cha mtoto mdogo, na kumnyima ni hasara tupu.

"Asipolazimishwa atakonda." Mwaka 2006 utafiti wa watoto wa shule ya awali ulionyesha kinyume: waliokuwa wakiambiwa wamalize supu walikula kidogo kuliko walioachwa, na wakaisema vibaya zaidi.

Kuna jambo moja nisilolilegezea kabisa. Kumlaza mtoto mapajani, kumziba pua na kumnywesha uji kwa kiganja ni hatari kwa uhai wake. Anayelia anavuta hewa kwa nguvu, na uji unafuata njia ya hewa mpaka kwenye mapafu. Matokeo yake yanaweza kuwa kupaliwa hadi kufa, au nimonia siku chache baadaye. Anayefanya hivyo huwa anaogopa njaa ya mtoto, na hofu hiyo naielewa. Lakini mtoto anayekataa kiasi hicho anahitaji kupimwa.

Adabu: usitupe, usidharau

Hili la tatu ndilo bibi analolitetea kwa moyo wote, na linastahili kubaki. Ila upotevu huzuiwa kwenye upawa. Chakula cha ziada kikishaingia kwenye tumbo lililoshiba, kimepotea kama kilichomwagwa. Pakua nusu ya unachodhani atamaliza, na umfundishe kusema "naomba niongezewe". Kilichobaki sufuriani kinafunikwa kikiwa safi. Kilichobaki kwenye bakuli la mtoto mdogo, chenye mate yake, hakiwekwi kiporo. Kwa joto letu kinaharibika ndani ya saa mbili, na kuhara ndiko kunakorudisha uzito nyuma. Kiporo safi kipashwe mpaka kichemke.

Nyumba za Kiislamu za Ujiji zina hazina kwenye jambo hili. Mtoto hufundishwa kusema Bismillahi, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake. Mafundisho hayohayo yanasimulia kwamba Mtume hakukitia chakula dosari. Alipokipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Na theluthi ya tumbo ni ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Mtoto wa miaka minne anaweza kufundishwa kusema "nimeshiba, ahsante bibi" badala ya "yakh", akaruhusiwa kuinuka. Asile tena mpaka mlo unaofuata, ambao kwa umri wake usiwe mbali kuliko saa tatu au nne. Maji apewe wakati wote.

Aliyesusa naye asibembelezwe wala asipigwe. Bakuli likae mbele yake dakika 20 hadi 30, wengine waendelee kula na kuongea, kisha liondolewe.

Kanuni zote hizi ni za mtoto mwenye afya. Mtoto aliyeandikiwa chakula dawa, kile cha kutibu utapiamlo mkali, ana kipimo chake cha siku, kinafuatwa kama dawa, na hakigawiwi ndugu zake. Na usingoje wiki ipite ndipo umpeleke kituo cha afya ikiwa mtoto aliyekuwa akila vizuri amekataa kila kitu kwa siku nzima, ana homa, anatapika kila anachomeza, anahara, au amekuwa mlegevu. Mzingo wa mkono, juu ya kiwiko, wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ukiwa chini ya sentimita 11.5, utepe wa kupimia uko kwenye nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa kadiri. Bonyeza pia upande wa juu wa miguu yote miwili, si chini ya unyayo, kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki baada ya kuachia, ni uvimbe wa utapiamlo, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mashavu yake yanaonekana yamejaa.